Wingu la Ijumaa

Ilemela Ziwani,
Mwanza.
9 Novemba 1975

Mpendwa mwanangu Shimba,

Mtwara hamjambo? Unalala vizuri? Mke wako Bernadetta na mtoto wana afya? Barua ya mwisho ulisema unakohoa, halafu hukusema tena kama kikohozi kiliisha. Niandikie kwamba kimeisha. Sisi huku tu wazima. Mguu wa baba yako umepona, anatembea mwenyewe mpaka ofisi ya kijiji, na bibi yako Suzana anakula vizuri ingawa anamwambia kila mtu hali kitu.

Asante kwa ile kamusi uliyomtumia mdogo wako Kija. Ilifika bila kulowa. Najua unangoja kusikia habari za mtihani wake, nami nitakueleza, ila nenda nami polepole. Maneno ya Kiingereza utakayoyaona humu kayaandika Kija mwenyewe, mimi nimemwachia nafasi.

Unajua alichukuliwa kwa majaribio pale kituo cha hali ya hewa, uwanja wa ndege. Mtihani wa kwanza akaanguka. Bwana Rugambwa, mkubwa wake, akamwambia atampa wa pili, na huo ukimshinda nafasi anapewa mwingine. Mwanangu, nilikosa raha. Mimi ndiye niliyemsukuma aache ukarani wa kijiji aende kule.

Kilichomwangusha ni maneno. Sisi tukisema kitu kinabadilika tumemaliza. Waingereza wana kundi zima la maneno. Upepo una lake, maji yana lake, mvua ina lake. Kija alikariri kamusi, lakini kichwani mwake yote yakawa ni "kubadilika" tu. Nikamkuta analia juu ya daftari.

Nikamwambia njoo miambani tukaanike dagaa, na daftari uje nalo. Unatujua akina mama wa kikundi, kazi yetu nusu ni mikono na nusu ni kutazama juu. Nikamwuliza, hili neno linafanyaje? Akasoma variable, upepo usiokaa upande mmoja. Nikamwonyesha moshi wa jiko la jirani yetu Odeta, mara huku, mara kule. Akasoma fluctuating, kupanda na kushuka. Nikamwonyesha alama za maji kwenye mwamba, mwaka huu hapa, mwaka ule pale. Unsettled, hali isiyotulia, ndiyo ilitusumbua. Mwisho nikamwambia ni zile asubuhi tunazokaa na vikapu vyetu, hatuaniki wala haturudi nyumbani, tunatazamana tu. Akacheka, akaandika.

Odeta naye akadai neno la mumewe Maige, yule anayeaga anakwenda Igoma halafu akarudi kutoka Magu. Kija akamtafutia unpredictable, mtu usiyeweza kujua kesho atafanya nini. Sasa Odeta anamwita hivyo mbele za watu na Maige anaitika, anadhani ni sifa.

Basi Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kija aliondoka hakumaliza hata uji. Mimi nikaenda miambani, na ilikuwa zamu yangu ya kusema tuanike au tusianike. Nikasema tuanike. Tukamwaga dagaa wote wa usiku ule. Kabla hata hawajakauka mgongo, mvua hiyo kutoka upande wa Ukerewe, na hatukuokoa hata nusu. Wenzangu wamenisema, mwanangu. Odeta akaniambia, "Mwalimu wa mawingu, leo darasani kwako kaanguka nani?" Alikuwa na haki.

Kumbe muda ule ule Bwana Rugambwa amemaliza kumwuliza Kija maneno, akamsogeza dirishani aandike anachokiona na kitakachofuata. Jua bado linawaka. Kija akaandika upepo hauna upande, hali haijatulia, mvua itanyesha kabla ya saa moja kwisha. Yule bwana akasimama naye pale, anaangalia saa yake, mpaka matone yakagonga bati. Akamwuliza hayo kajifunzia wapi. Kija akajibu, "Kwa mama yangu. Anaanika dagaa."

Amepita. Desemba anaandikwa kazi rasmi, na Bwana Rugambwa kampa mkono.

Dagaa walioharibika tumewapa kuku, nami nimekubali kufagia miamba wiki mbili peke yangu. Kinyongo hakuna. Jana akina mama wamempigia Kija vigelegele mpaka akaona haya.

Ijumaa hiyo aliporudi alinikuta nachambua waliosalimika. Kwanza akanipa habari yake, ndipo akaviona vikapu. Akasema, "Mama, lile wingu lilikuwa kubwa vile, hukuliona?"

Nikamwambia, "Sikutazama juu. Tangu asubuhi nilikuwa natazama barabara ya uwanja wa ndege."

Alivua viatu vyake vya kazini, akakaa chini, tukachambua wote.

Baba yako anakusalimu, na bibi anataka picha ya kitukuu chake. Kija anasema shikamoo kaka. Odeta na Maige wanakusalimu pia. Msalimie sana Bernadetta, mwambie mtoto asikae kwenye baridi ya asubuhi. Mungu awafunike huko mliko, awape chakula na majirani wema.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Mama yako,
Mhoja