Damu ya Papa na Malika

Papa, kwa heshima zote, ukirudi:

Pondu, majani yako ya muhogo, iko kwenye makala ya jiko, usiongeze chumvi. Funga mlango wa nyuma, mbuzi wa mjomba, tonton Yunus, ameonja tena mapazia.

Bon. Asubuhi, maabara ilipokataa damu uliyotaka kumpa mdogo wangu Malika, ulimwambia Mama mbele ya wauguzi, "Kumbe mtoto si wangu!" Hapana, Papa. Wewe na Malika ni kundi moja la damu. Lakini kwa ugonjwa wake wa selimundu ameongezewa damu mara nyingi, na mwili wake umetengeneza kingamwili zinazoshambulia damu za watu fulani, hata ndugu. Walipochanganya damu zenu kwenye kichupa, chembe zako zilishikamana. Ndani ya mishipa yake zingevunjwa, naye angezidi kuumwa.

Kwa hiyo ~~nakusamehe~~ muombe Mama msamaha.

Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda kupimwa damu. Nina miaka kumi na minane, sindano sitaikimbia. Nikikataliwa, nitawakokota binamu wote mpaka apatikane mmoja anayepatana naye.

Uje hospitalini na kijitabu cha matibabu cha Malika, kiko juu ya kabati. Malika aliniuliza uko wapi, nikamwambia uko njiani. Mimi hudanganya watu karibu kila siku, Papa, ila hili nataka liwe kweli.

Yaya wa Malika, mkubwa wake