Jini Ile Haikupaswa Kuwa Tamu

Baba Kendi,

Siku ile ulirudi kutoka Gachoka Jumapili mchana, koti umelitupa begani, unacheka peke yako mlangoni. Mlikuwa mmemsindikiza rafiki yako kupeleka mahari. Ukaniambia safari hii hamkupewa pombe ya kienyeji, mlinunuliwa chupa za dukani, kioo cheupe, lebo ya kijani.

"Imeandikwa dry gin," uliniambia. "Lakini ni tamu, Mama Kendi. Tamu kama soda."

Nilikuuliza dry maana yake nini. Ukafikiri kidogo, ukasema labda ni ile isiyochanganywa na maji. Nikakubali. Mimi nilikuwa mpangaji wa maua ya waridi kwenye shamba la watu hapa Timau, wewe seremala kutoka Kibugu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuhitaji kujua neno hilo.

Jioni kichwa kikaanza kukuuma, ukatapika, tukasema ni uchovu wa safari. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nakukorogea uji. Pazia lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani, na wewe ukaniuliza mbona sijawasha taa.

Sitaandika yaliyofuata. Ulikuwepo, na mimi nilikuwepo. Wenzako wawili walizikwa wiki ileile.

Leo nataka kukueleza yale niliyojifunza tangu hapo, kwa sababu naogopa, na nikiogopa bado wewe ndiye ninayetaka kuzungumza naye.

Mwaka uliofuata, mkulima mmoja wa ngano hapa, Bwana Kirimi, alijenga kiwanda kidogo kando ya shamba lake. Watu wakasema anatengeneza jini. Nilienda kuomba kazi nikiwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Aliniuliza kwa nini mtu aache maua aje kwenye pombe. Nikamjibu kwamba nataka kujua mume wangu alikunywa nini. Alitoa aproni kwenye msumari, akanipa.

Mama yako aliposikia, alituma neno kutoka Kibugu kwamba ananiombea. Hakusema ananiombea nini. Tangu hapo tukionana tunaongea juu ya chai na mvua.

Basi sikiliza, fundi. Jini huanza na spiriti safi ya nafaka, isiyo na ladha yoyote. Halafu zinatiwa mbegu ndogo za mreteni, na hapo ndipo nilipokaribia kukimbia siku ya kwanza. Bwana Kirimi alinifungulia gunia ninuse. Mreteni ni jamaa wa mutarakwa, ule mwerezi wetu wa mlimani. Ile harufu ya mbao ulizokuwa ukipiga randa, harufu ya shati lako ukirudi kazini, ilitoka ndani ya lile gunia. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo mpaka nikaweza kurudi.

Mreteni lazima uongoze. Bila huo hakuna jini, hata uandike nini kwenye chupa. Mbegu za dania zinafuata, na maganda ya limau, na mizizi mikavu kidogo. Vyote vinaingia kwenye mtungi wa shaba pamoja na spiriti na maji, vinachemshwa polepole, mvuke unabeba harufu na kutona upande wa pili. Matone ya kwanza yanatengwa na ya mwisho yanatengwa. Yale ya katikati ndiyo jini.

Na ile jini halisi, ile inayoitwa dry, ina sharti moja ambalo nilimwomba Bwana Kirimi alirudie mara mbili. Ladha yote itoke kwenye mtungi. Ikishatoka hapo huongezi kitu ila maji. Huongezi rangi wala matone ya manukato ya dukani. Na sukari huongezi. Dry ni hiyo tu: haina utamu.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bwana Kirimi akafikiri naumwa.

Ulikuwa umeniambia, Baba Kendi. Ulisimama mlangoni ukaniambia ni tamu. Najua sasa kwamba sumu yenyewe, ile methanoli ambayo wadanganyifu huchanganya kwenye pombe, haina ladha ya kumwonya mtu, na kwamba ulipofika nyumbani ilikuwa tayari ndani yako. Lakini sukari ile ilikuwa inasema kwamba lebo ni ya uongo, na tungejua neno moja tu tungepanda gari kwenda hospitali Jumapili ileile badala ya mimi kukuchemshia maji ya tangawizi.

Nilifanya kazi hiyo miaka mitano bila kosa. Nilijifunza kuonja na kutema, kuandika kila pipa kwenye daftari, kufuta mtungi mpaka nione uso wangu. Watu walisema mkono wangu ni mzuri. Mimi nilijua siyo mkono, ni hofu.

Halafu mwezi wa nne mwaka huu kiwanda kinachotuuzia spiriti kikachelewa, na Bwana Kirimi akanunua mapipa manne kwa dalali. Yalikuja na cheti, sili ziko imara, namba zimeandikwa kwa rangi nyeupe. Nilipika pipa la kwanza. Nilionja kijiko. Tuliipa wiki moja itulie, tukajaza chupa, na katoni ya kwanza ikaenda kwa muuza duka mmoja aliyekuwa ameisubiri. Duka lake liko Gachoka.

Nilipoona jina hilo kwenye karatasi ya mzigo, nililisoma mara mbili. Nikajiambia ni mji tu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napanga vyeti kwenye faili. Cheti kilikuwa cha mapipa mengine. Hakuna namba hata moja iliyolingana na yale manne yaliyokuwa nyuma yangu. Nilisoma tena, nikaenda kwenye mapipa na cheti mkononi, nikalinganisha kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma.

Unajua nilifanya nini kabla ya kumwita mtu yeyote? Niliziba jicho moja, nikasoma lebo. Nikaziba la pili, nikasoma tena. Zilikuwa zimepita siku nane tangu nionje, kama ningedhurika ningekuwa nimeshajua, lakini mwili haukutaka kusikia hesabu hiyo.

Bwana Kirimi alisema pengine dalali amekosea karatasi tu. Alikuwa anajiombea na yeye, niliona. Nikamwambia, "Bosi, mimi nimezika mtu. Twende." Akachukua ufunguo.

Tulimpigia mwenye duka njia nzima, Meru, Nkubu, Chuka, Embu. Simu ilikuwa imezimwa. Bwana Kirimi aliendesha kwa kasi. Mimi nilikuwa nimeshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, na kila tulipopita zahanati nilijikuta nasoma bango lake, kuona kama bado nasoma.

Sikuwa nimekanyaga Gachoka tangu ufe. Kulikuwa na joto na vumbi jekundu, wanawake wanauza ndengu kwenye magunia. Mwenye duka alikuwa anakula. Simu yake ilikuwa kwenye chaji. Katoni iko wazi kwenye rafu, chupa kumi na moja.

Ya kumi na mbili ilikuwa imenunuliwa asubuhi ile na mwalimu mstaafu anayeitwa Njiru, nyumba yake iko nyuma ya kanisa. Tulikimbia, Baba Kendi. Mimi na mwili wangu huu, na Bwana Kirimi na viatu vyake vya mjini.

Tulimkuta kibarazani na mkewe. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, redio inazungumza chini chini. Chupa iko mezani, imeshuka karibu nusu, na karibu yake kuna ndimu iliyokatwa. Alitukaribisha tukae. Akauliza kama tungekunywa kidogo.

Naogopa nyoka, naogopa radi, niliogopa kujifungua Kendi, lakini sijawahi kuogopa kitu kama kumtazama yule mzee akiwa mzima kabisa, anatabasamu, na mimi ndiye nitakayemwambia.

Nikamwambia kwamba hiyo chupa nimeitengeneza mimi, na kwamba ndani yake huenda kuna sumu ya kupofusha, na lazima aende hospitali sasa hivi hata kama hasikii chochote.

Alitazama gilasi. "Lakini nasikia vizuri," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Hata mume wangu alikuwa anasikia vizuri."

Mkewe alizima redio, akaingia ndani, akatoka na shuka na kadi yake ya hospitali, akamshika mkono. Ni mzee aliyekuwa anabishana, eti kwanza afunge kuku. Bwana Kirimi ndiye aliyefunga kuku.

Tukiwa njiani kuelekea Embu alikaa nyuma katikati yetu wanawake wawili. Akaniuliza, bila hasira, "Kama mimi ningekuwa naitengeneza, ningejificha. Wewe mbona umekuja?"

Nilimwambia tu kwamba siku ya mume wangu hakuna aliyekuja. Mtu fulani alijaza zile chupa zenu, akabandika lebo ya kijani, na Jumapili ile labda alikuwa kanisani. Mzee akatazama nje ya dirisha. Baadaye aliniambia niache kumkazia macho, anaona miti vizuri.

Hospitalini walimweka siku nne, wakamsafisha damu kwa mashine. Siku ya pili aliona ukungu kwenye jicho la kushoto, na siku hiyo sikuweza kula. Siku ya tatu ukungu ukapungua. Mimi daktari alinipima akasema kijiko kimoja kilichotemwa hakingenifanya kitu. Maabara ilisema pipa lile lilikuwa limechanganywa na sumu ileile, siyo nyingi kama yenu, lakini ya kutosha kwa mtu anayekunywa nusu chupa na akabaki nyumbani kufunga kuku. Yale matatu mengine vilevile.

Mwalimu Njiru anaona. Mkewe alinipigia akiwa amerudi nyumbani, akasema mzee anamlalamikia kwamba chapati zimeungua pembeni, na hiyo ilikuwa ni habari njema. Nililia kwenye simu mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza.

Bwana Kirimi alijipeleka mwenyewe kwa wakaguzi pamoja na mapipa. Dalali anatafutwa. Kiwanda kilifungwa, na mimi nikakaa nyumbani miezi miwili, nikamwambia Kendi ukweli. Alikuwa anajua ulikufa kwa ugonjwa wa ghafla, maana ndivyo tulivyoandika kwenye tangazo la mazishi. Ana miaka kumi na tano sasa, mrefu kukupita. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama ulijua kwamba huoni.

Nikamwambia ulijua. Uliniuliza kuhusu taa mara moja tu, halafu ukaelewa, hukuuliza tena. Ulimwita, ukamshika uso kwa mikono yako miwili, ukamwambia aende shule atachelewa. Akasema anakumbuka mikono, alikuwa anafikiri ulikuwa unacheza naye. Nilidhani nitamvunja moyo. Akanilazia kichwa begani, akakaa hivyo.

Juma lililopita Bwana Kirimi alinifuata nyumbani. Wakaguzi wamemruhusu kufungua. Alisema bila mimi hafungui, na kwamba hatalazimisha. Kendi alisema niende. Mama yako, usishangae, alisafiri kutoka Kibugu na kikapu cha ndizi, akakaa jikoni kwangu, akasema amesikia habari za yule mzee wa Gachoka. Akaniuliza kwa Kiembu kama mtu angemfikia mtoto wake mapema hivyo, angekuwa hai. Nikamwambia labda. Alilia, akamenya ndizi, na tulipomaliza kula alisema, "Nenda ukawachungie watu." Hilo ndilo alilosema. Sijui kama nina nguvu ya kulifanya.

Nilikubali kwa sharti moja: hakuna pipa linalofunguliwa kabla maabara haijalipima, hata liwe limetoka wapi, hata mteja awe amesimama mlangoni.

Mapipa mapya yalikuja juzi. Nilipeleka sampuli mwenyewe, nikiwa nimezipakata. Walisema watapiga simu leo kabla ya saa sita. Nakuandikia nikiwa nimekaa kando ya mapipa, kalamu kwa mkono mmoja, simu juu ya goti. Mikono imelowa jasho na hapa Timau kuna baridi ya kuuma masikio. Nawaza kukataa. Nawaza maua ya waridi, ambayo ukikosea yananyauka tu. Nawaza kwamba siku moja nitachoka, nitasoma namba vibaya, na hakutakuwa na mwalimu anayekawia kumaliza chupa yake.

Ngoja. Inaita.

Wamesema ni safi. Yote manne. Nilimwomba yule msichana wa maabara anisomee tena, namba moja moja, na mimi nikawa nazigusa kwenye mapipa. Zimelingana. Nikamwomba mara ya tatu. Akanisomea, hakunicheka.

Bado naogopa, mume wangu, na hofu haijapungua hata kidogo. Lakini nimesimama. Bwana Kirimi yuko mlangoni, anasubiri niseme, hasogei. Nimemwambia awashe moto, na auwashe mdogo.

Pumzika, fundi wangu. Acha niende nikaushike mtungi.

Ni mimi mkeo,
Mama Kendi