Changarawe Nyeupe

2 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima, na goti la mama limepoa. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Wafanyakazi wangu wamekuona kijitoni, chini ya bomba la maji machafu la karakana, na mabuti na wavu, unapindua mawe. Hata maji ya kunywa hukuingia kuomba. Leo ofisi yenu ya mazingira inaniandikia kwamba karakana yangu ya kutia rangi vitambaa huenda ikafungwa kwa sababu wadudu wa kijitoni wamekwisha. Wadudu! Na watu wangu je, wakale wapi?

Futa maneno yako.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe mama pole ya goti. Mimi mzima, ila barua yako imenichefua.

Sikuingia kwa sababu tungegombana. Juu ya bomba lako, maji yanakotokea, kila jiwe lina wadudu wachanga: wale bapa wenye mikia mitatu, na wale wanaojijengea nyumba ya changarawe na kuishi ndani. Hao hawavumilii uchafu. Wanakula majani yaliyooza, samaki wanawala wao, na wakiondoka kijito kinakufa. Chini ya bomba nimekuta minyoo myekundu tu, ile inayoishi hata hewa ikiwa haba majini. Huko chini watu wanaogeshea watoto maji hayo. Mwaka mzima nakuomba uchimbe shimo la kuchujia maji ya rangi, nawe unanicheka na kuniita Bwana Vidudu.

Ripoti kamili naipeleka mwisho wa mwezi. Kama nakusingizia, nionyeshe mdudu mmoja wa maji safi kutoka chini ya bomba.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Pokea chupa hii. Wamo kadhaa, na nyumba zao za changarawe. Nimewatoa chini ya bomba kwa mikono yangu. Wewe uliomba mmoja tu. Sasa funga mdomo.

Dada yako

24 Machi

Dada,

Shikamoo. Sina hamu ya salamu, lakini mama hajambo?

Wadudu hawa hujenga kwa kile wanachokikuta walipo. Kwako chini ni mchanga mweusi na nyuzi za vitambaa. Nyumba za hawa ni za changarawe nyeupe, ile tuliyochezea utotoni kwenye chemchemi nyuma ya nyumba ya mama. Umenidanganya mimi, ndugu yako, na nina hasira. Ripoti haibadiliki.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo.

Ndiyo, nimewachota kwa mama. Kwanza niliwaweka chini ya bomba, ndani ya ndoo yenye matundu, walale pale, ili nikisema wametoka pale nisiwe mwongo. Asubuhi nikawakuta wote wamekufa, wamejitokeza nusu nje ya nyumba zao. Nikarudi kwa mama kuchota wengine. Hao ndio uliowapata.

Jana nimeziba bomba. Kazi imesimama, tunachimba shimo, na wafanyakazi wananitazama vibaya. Wana haki. Peleka ripoti yako kama ilivyo.

Usije kunipongeza, bado nimekukasirikia sana. Ukija, njoo na mabuti. Jembe lako lipo.

Dada yako