Niliufunga Mti Kitambaa, Sasa Mama Anataka Kuumwagia Zege

Mpendwa Bi Chantana,

Nakuinamia kwa mikono miwili na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana wenzangu wa bwenini nilijaribu kuwaeleza kama kisa cha mtu mwingine wakacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka nao.

Mimi ni msichana wa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea usanifu wa mandhari, yaani kupanga bustani, viwanja na sehemu za watu kupumzikia, kazi ambayo mama yangu mpaka leo akiulizwa na wateja huwajibu kwamba nasomea kupanda maua. Mama anauza tambi za mchuzi nyuma ya soko la mji wetu mdogo huku kaskazini, na kando ya kibanda chake kuna kiwanja cha manispaa kinachoteremka mpaka kwenye mfereji, na katikati ya kiwanja umesimama mchamchuri mkubwa, mti wa matawi yaliyotanda kama mwavuli, ambao nilikulia chini ya kivuli chake nikifanya kazi za shule. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuchagua mradi wa kuhitimu sikuhangaika, nilichagua kiwanja hicho, nikaupima mti shina na matawi, nikachimba kwa mkono hapa na pale kujua mizizi inapita wapi, nikachora mchoro wa juu, nikachora mkato wa ardhi unaoonyesha maji ya mvua yakitoka kwenye mapaa ya soko, yakipita penye mimea, yakifika mfereji yakiwa yametulia, na mti upo katikati ya yote. Bi Chantana, sijawahi kuipenda kazi ya mikono yangu kama nilivyoupenda mchoro ule.

Basi manispaa ikaitisha mkutano kuhusu kiwanja, na mwalimu wangu anayenisimamia, Mwalimu Thidarat, akanichukua niende naye. Mhandisi wa pale, Bwana Prasoet, mtu mzima mwenye heshima zake, akasimama akasema, “Mti umezeeka, tawi likimwangukia mtu tutasema nini? Tunaukata, tunaweka maegesho ya magari, tumemaliza.” Mwalimu akanigeukia mbele ya watu wote, “Haya binti, wewe ndiye uliyeupima. Una la kusema?” Michoro nilikuwa nayo, nimeibeba mgongoni kwenye bomba la kubebea karatasi, na nilijua kwa hakika kwamba mti ule ni mzima, lakini nilimwangalia yule mzee, nikaona haya kumpinga hadharani, nikainama nikasema, “Hapana Mwalimu, wakubwa wameshasema.”

Siku chache baadaye, mchana wa mvua kubwa, soko limefunga na watu wamelala, nilinunua kitambaa cha rangi tatu kwenye duka la vitu vya hekaluni, nikaenda peke yangu nikaufunga mti kiunoni kama inavyofungwa miti yenye wenyewe, yaani pepo wanaokaa ndani yake. Nilijua hakuna fundi wa mji wetu atakayeinua msumeno mbele ya kitambaa. Sikuwaza zaidi ya hapo, naapa.

Mvua ilipokatika tulitoka na mama kufungua kibanda, tukamkuta Bi Lamyai, yule anayeuza mashada ya maua, amesimama chini ya mti kashika mdomo. “Jamani njooni!” akapiga kelele. “Nani kamvalisha? Nimekaa hapa mchana kutwa sijaona mtu! Huyu kavaa mwenyewe!” Alikuwa amelala fofofo, nilimwona kwa macho yangu, lakini nilinyamaza. Mama akapiga magoti palepale kwenye tope. Wiki ile ile mhandisi akaja na uvumba na shada la maua, akaupigia mti magoti kuomba radhi, na habari ya maegesho ikafa. Nilifurahi mno, nikajiona mjanja wa mji.

Bi Chantana, ujanja umenitokea puani. Watu walianza kuupaka mti poda wakitafuta namba za bahati nasibu kwenye gome, na fundi baiskeli mmoja akashinda, basi ikawa mwisho wa utulivu. Sasa wanakuja mpaka watu wa wilaya nyingine. Mti umepewa jina, Mama Mtukufu wa Nyuma ya Soko, analetewa soda nyekundu, mayai ya kuchemsha na magauni ya hariri ambayo yametundikwa kwa misumari iliyopigiliwa kwenye shina, mishumaa inawaka juu ya mizizi, pikipiki zinaegeshwa chini yake kutwa, na udongo umekandamizwa mpaka nikimwaga kikombe cha maji yanatuama juu kama yamemwagwa mezani. Ncha za matawi ya upande wa soko zimekauka na majani yanageuka njano wakati si wake. Niliukinga na msumeno, sasa unakufa kwa kupendwa.

Na hilo si baya kuliko yote. Mama yangu ameweka nadhiri. Alinisimulia mwenyewe akiwa anakata vitunguu, uso umejaa furaha, kwamba amemwambia Mama Mtukufu, “Mwanangu akipita mbele ya watahini wake, nitakujengea sakafu ya zege na vigae kukuzunguka, watu wasikukanyage kwenye tope.” Amezunguka soko zima anachangisha, Bwana Prasoet kaahidi mashine ya kuchanganya, na kokoto zimeshamwagwa kando ya mfereji. Mizizi ya mti huu iko juujuu na inahitaji hewa na maji, ukiifunika kwa zege unaiziba pumzi. Kwa hiyo nikifaulu kwa mchoro ambao moyo wake ni mti ule, mama atauua mti ule kwa shukrani.

Nimejaribu kumgusia. “Mama, zege si litaumiza mizizi?”

“Wewe! Unataka nivunje nadhiri? Ukianguka mtihani utakuja kumlilia nani?”

“Si tungeweka mbao tu, Mama, zikae juu juu?”

“Mbao ni za banda la kuku. Mama Mtukufu ni kuku?”

Wateja wakacheka, na yeye akacheka, na hapo ndipo ninaposhindwa, kwa sababu tangu baba afariki mama alikuwa anauza tambi bila kuinua uso, na sasa kila jioni yuko chini ya mti na wenzake, ana vicheko, ana kazi ya kusimamia, watu wanamwita kwa heshima. Nikimwambia ni mimi niliyefunga lile fundo nitamnyang'anya yote hayo kwa neno moja. Nisipomwambia, mti unakufa. Na Mwalimu Thidarat, ambaye hajui kitu, ananisifu eti nimeisikiliza imani ya wenyeji, anataka niweke madhabahu katikati ya mchoro, na kila akinisifu natamani ardhi ipasuke. Nimefika mahali pa kufikiria nichore ovyo makusudi, nianguke, ili nadhiri isidaiwe.

Watahini wanakaa mwezi huu. Nifanye nini? Naogopa mno.

Ni mimi,
Aliyefunga Fundo

*

Aliyefunga Fundo,

Nimekusoma mpaka mwisho na nimekucheka, unisamehe, ilikuwa pale mhandisi alipoupigia mti magoti. Nimeshacheka. Sasa kaa vizuri.

Hilo la kuanguka mtihani makusudi lifute leo hii. Mama yako amesimama mbele ya moto miaka yote hiyo ili wewe ushike kalamu, halafu unataka kuiharibu kalamu ili kumficha ukweli? Na ukianguka unadhani atatulia? Atakwenda kuweka nadhiri kubwa zaidi, binti. Safari hiyo ataahidi paa.

Unaniambia ulinyamaza mkutanoni kwa heshima. Sikubali. Heshima ni kuinama wakati unasema. Kuinama ili usiseme ni woga, na woga ukivishwa adabu unabaki woga. Mwalimu wako alikuuliza mbele ya watu, na mkubwa akikuuliza, kumjibu ndiyo adabu yenyewe. Ulikuwa na michoro mgongoni, umechimba mpaka mizizi unaijua ilipo, kisha ukaenda kumtafuta pepo akusemee. Unajua kwa nini ulichagua kitambaa? Kitambaa hakiulizwi maswali.

Hata hivyo sikulaumu kwa lile fundo lenyewe. Kuufunga mti kitambaa ni kusema mti huu unaheshimiwa, nawe unauheshimu kuliko hao wote wanaoupaka poda. Na mimi mwenyewe nimewahi kupaka poda, kwa hiyo tusinyosheane vidole. Uongo wako ulianza pale Bi Lamyai aliposema mti umejivalisha wenyewe, nawe unajua alikuwa anakoroma, ukanyamaza. Kama kuna mwenyewe ndani ya mti huo au hakuna, si wewe wala mimi ajuaye. Ila tunajua nani alifunga, na mama yako ana haki ya kujua kabla hajatoa jasho lake.

Usiende kutangaza sokoni. Mti hautapona kwa wewe kuaibika, na watu wakiudhika wanaweza kuukata kwa hasira. Mwambie mama peke yake, na umwambie kabla hujasimama mbele ya watahini. Ukishafaulu nadhiri itakuwa imeiva, na mtu mwenye nadhiri iliyoiva haambiliki, utamkuta keshavaa viatu vya mvua anasimamia zege. Ngoja saa ya mchana tambi zikiisha na wateja wametawanyika. Usianze na habari za mizizi na hewa, utamchanganya. Anza hivi: “Mama, ni mimi niliyemvalisha.” Halafu mweleze kwa nini. Mwambie na habari ya ule mkutano, uliposhindwa kusema, maana hapo ndipo atakapokuelewa. Mficha uchi hazai.

Kisha mtoe mpaka chini ya mti, umpe kikombe cha maji amwage kwa mkono wake, ayaone yalivyokaa. Mwonyeshe ncha zilizokauka. Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu katika barua yako yote hiki hukukiona. Mama yako aliahidi sakafu kwa sababu gani? Watu wasimkanyage Mama Mtukufu. Na wewe unakosa usingizi kwa sababu gani? Mti unakanyagwa. Mnalilia kitu kimoja, mmoja kwa saruji na mwingine kwa kalamu.

Basi mchoree hiyo sakafu. Mbao ngumu nzuri, zinyanyuliwe juu ya nguzo, mashimo yachimbwe kwa mkono pale ambapo wewe unajua hakuna mzizi mkubwa. Uvumba na mishumaa visogezwe pembeni kwenye chungu cha mchanga, magauni yapewe fremu yake, misumari ing'olewe taratibu, pikipiki zibaki barabarani. Kokoto zilizokwisha kuja ziingie kwenye njia ya maji ya mapaa, usiniambie hazina kazi. Ichore vizuri mpaka mama yako aone aibu kutaja banda la kuku.

Nadhiri nayo haivunjwi, inaombewa ruhusa. Wazee wetu walikuwa wakifanya hivyo: anakwenda aliyeapa mwenyewe, na maua na uvumba, anasema kwa mdomo wake niliahidi hiki, naomba nilete hiki kilicho bora. Iwe ni mama atakayeomba. Wewe piga magoti nyuma yake, nawe uombe radhi yako kimyakimya, una yako ya kuomba.

Mama akikubali, kamwambie Mwalimu Thidarat ukweli wote, usipokee sifa ambayo si yako. Huenda akakukaripia, na utakuwa umestahili. Halafu nendeni pamoja kwa Bwana Prasoet. Yeye usimsumbue na nani alifunga fundo, mwonyeshe mizizi iko wapi na umwombe mafundi. Safari hii fungua bomba utoe michoro, na useme wewe, si mwalimu wako.

Unaniambia utamnyang'anya mama vicheko vyake. Humjui mama yako. Wale wenzake wa jioni hawakushushwa na pepo, ni majirani, na sakafu bado inahitaji msimamizi. Ila atakasirika, sikufichi. Anaweza kukurushia mwiko. Anaweza kulia, na hilo litakuuma zaidi ya mwiko. Na atakuuliza, “Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nampigia nani magoti?” Hapo usilete elimu yako. Mama yako alipoweka nadhiri alimtaja mtu mmoja tu, na ni wewe. Mwache alitafute jibu mwenyewe, analo.

Wewe usikimbilie bwenini. Kunja mikono ya nguo, osha mabakuli, kaa karibu naye hata kama hasemi. Akikuita ule, kula. Ukimaliza kula, panguza meza, ndipo ufungue michoro.