Kisu cha Kumenyea Ndizi

Ihembe, 27 Septemba 2024

Wifi yangu Kemirembe,

Habari za Dar? Huku mvua zimeanza, na mibuni ya marehemu kaka yako imechanua.

Asante kwa kunitafutia nyumba huko. Daktari alisema kwa moyo huu nisikae mbali na hospitali kubwa, nami nilikuwa nimeshafunga masanduku mawili.

Tangu nistaafu na kuhama Norwei, miaka miwili sasa, kila nikiingia kwa jirani yangu Evaresta huniletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote. Jumanne alifiwa na mama mkwe wake. Nilikwenda, nikakaa, nikaingojea kahawa. Evaresta akanipa kisu na kunionyesha mkungu wa ndizi.

Nikamenya. Akaja kutazama, akasema mbele ya wanawake wote, "Mama, nusu ya ndizi unaitupa na maganda. Menya vizuri."

Katika miaka hiyo miwili hakuna mtu wa Ihembe aliyewahi kunigombeza.

Ile nyumba wampe mtu mwingine. Masanduku nimeyafungua, na dawa nimezirudisha kabatini. Kesho tunaondoa matanga, na nimeambiwa nije na kisu changu mwenyewe.

Wifi yako,
Solveig