Bido ya Noella kwa ukuta wa Mulongwe

Eugène, uko? Soma hii sasa. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu wa Mulongwe, ameniharibia kazi!

Unajua herufi zangu ni mbaya, masomo sina. Miye nachoraka picha, chini naacha nafasi nyeupe, mwalimu anakuja kuandika maneno. Kwa ukuta wa Mulongwe nilichora bibi yangu Noella, mama wa watoto wangu, na bido yake, dumu ya maji, kichwani, vile alikuwa anarudi mtoni siku ya vita, wakamupiga risasi.

Leo nafika, nasoma polepole: AMANI IKO, ASANTE WAKUBWA WETU.

Amani! Chini ya Noella!

Mwalimu anasema: "Papa, shefu ndiye alinituma."

Namufuata shefu. Anacheka: "Weye mzee, yako ni picha. Maneno ni ya wakubwa."

Ya wakubwa! Wao ndio walikimbia wa kwanza na magari, wakatuachia risasi!

Nikarudi na brosi. Maneno yao sikugusa hata herufi moja. Nilichora tundu mu bido, na maji mekundu yanamwagikia Noella usoni.

Watu wamejaa pale. Shefu ametuma vijana wake kunitafuta. Niko mu njia ya Kavimvira, nakuja kwako. Fungua mulango.