Siku Zako za Likizo

Mpendwa Mama Jerop,

Ni Ijumaa, saa tano asubuhi, na mimi niko nyumbani. Najua ungecheka. Siku ya kazi, mwezi wa nne, mvua imeshika na wakulima wa huku kote wanatafuta vipuri vya trekta, halafu mimi nimeketi kwenye kiti chako hapa Kapsoya, soksi miguuni, nasikiliza mtoto anavyopumua.

Anapumua vizuri sasa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, na mengine yote nisingeweza kukueleza mpaka uhakikishiwe.

Tangu ututoke ni mwaka mmoja na miezi minane. Ulimwacha binti yako Jerop na miaka minne, sasa anakaribia sita na meno mawili ya mbele yameng'oka. Muda huo wote hakuwahi kuugua ugonjwa wa kumlaza. Mafua ya siku mbili, tumbo kidogo, basi. Nilianza kudhani mimi ni mlezi hodari.

Jumatatu aliamka akakataa uji. Nilipomgusa shingo, ilikuwa inawaka. Unajua nilifanya nini? Nilimpa dawa ya homa, nikangoja joto lishuke kidogo, nikamvalisha sweta mbili, nikampeleka kwa Mama Tabitha, yule jirani anayelea watoto wa mtaa wakati shule zimefungwa. Nilitaka homa ijifiche mpaka nifike kazini. Nakuambia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mama Tabitha aliweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, akamrudisha kwangu.

"Baba Jerop, huyu hapana."

"Ni mafua tu. Nimempa dawa."

"Hata kama. Niko na wengine kumi hapa ndani. Mrudishe kwa nyumba, ukae na yeye."

Nikabaki nimesimama mlangoni pake na mtoto begani. Kukaa na yeye. Maneno mepesi hivyo, na mimi miaka yote ya kuwa baba sikuwa nimewahi kuyafanya hata siku moja. Nikafikiria kumwita mama yangu kutoka kijijini Chepsaita, lakini unajua nyonga yake ilivyo; siku hizi hata kwenda kukamua ng'ombe anashika fimbo. Nikampigia simu Mzee Kariuki dukani.

"Baba Jerop, uko wapi? Watu hapa wamefika mpaka barabarani."

"Mzee, mtoto ni mgonjwa. Leo sitaweza kuja."

"Kwani hakuna mama hapo?"

Nyuma yake nilisikia mtu akiulizia beringi za plau.

"Pole," akasema. "Imenitoka tu. Lakini si utafute mtu akae na yeye? Uje hata nusu siku."

"Sina mtu, Mzee."

"Huu si msimu wa kukosa. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Miaka saba nimesimama kwenye kaunta yake, na msimu wa kupanda sikuwahi kukosa siku hata moja. Alinipenda kwa hilo. Alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu kijana hajui kuugua, hata nyumba yake haijui kuugua," nami natabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Nyumba yangu iliugua kama nyumba za watu wengine, Mama Jerop. Ni vile tu wewe ulikuwa ndani yake.

Nilipokata simu nilikumbuka ile asubuhi ya kutapika. Jerop hakuwa ametimiza miaka mitatu. Alikuwa ametapika kitandani, kwenye zulia, na kwenye begi langu. Wewe ulikuwa umevaa ile sare ya kijani ya supamaketi, mimi natafuta viatu. Ukaniambia, polepole kabisa, "Leo kaa wewe. Mimi nimekosa mara mbili mwezi huu."

Nikakujibu, "Si wewe ndiye mama?"

Nilipokuwa nafunga kamba za viatu niliona vidole vyako vikifungua vifungo vya sare, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu. Ukaitundika nyuma ya mlango. Nilienda kazini na nikauza vizuri siku hiyo. Wewe hukuniomba tena. Niliona ni ushindi. Nilifikiri tumeelewana.

Basi Jumatatu nikakaa. Sikujua chochote. Nilijua namba za vipuri vya trekta za miaka thelathini bila kufungua kitabu, lakini sikujua kama mtoto mwenye homa anafunikwa au anafunuliwa. Nilimfunika. Akajifunua. Nikamletea dawa kwenye kijiko, akafunga mdomo.

"Si hivyo," akasema.

"Hivyo vipi?"

"Unaanza wewe. Mama alikuwa anakunywa kwanza, anafanya uso mbaya, halafu mimi nacheka, halafu nakunywa."

Nikanywa. Nikafanya uso mbaya. Hakucheka, alikuwa mchovu, lakini alikunywa. Baadaye akaniambia kitambaa cha maji huwekwa kwapani, si kwenye paji la uso peke yake. Akaniambia ulikuwa ukimkatia chungwa kwa miduara. Akaniambia ulikuwa ukimwimbia wimbo wa ndama aliyepotea, akashangaa kwamba siujui.

"Lakini wewe pia ulikuwa unaishi hapa," alisema.

Nimekaa na wewe miaka minane, na nimekuja kujifunza ulivyokuwa kutoka kwa mtoto mgonjwa wa chekechea.

Jumanne mchana mambo yaligeuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati na sikuweza kusikia vizuri, lakini niliona kifua chake kikienda haraka, na puani kila akivuta hewa panapanuka. Nikampigia mama.

"Anapumua haraka, mama."

"Mfungue nguo. Mbavu zinaingia ndani?"

Nikamfungua. "Zinaingia."

"Usingoje mvua iishe."

Hakusema pole, hakuuliza kingine. Nilimfunga mtoto kifuani kwa leso yako ya njano, nikavaa koti juu yake na kumwacha kichwa nje, nikatoka. Kijana wa boda aliyekuwa amejikinga kibandani alituona, akawasha pikipiki kabla sijamwita. Njia nzima niliweka mkono mgongoni mwa Jerop nikihesabu pumzi zake. Katikati ya safari akaanza kuita. Hakuniita mimi. "Mama," alisema, akanyamaza, akasema tena. Nilimwambia niko hapa. Aliendelea kuita, na siwezi kumlaumu. Hata mimi ndani yangu nilikuwa nakuita.

Hospitalini walimchukua mikononi mwangu haraka sana hata nikabaki nimekunja mikono bila kitu. Nimonia. Wakamwekea mrija wa hewa puani na sindano ya dawa mkononi, wakatuandikia kitanda. Jioni muuguzi akapita kuhesabu wagonjwa.

"Mama yake anakuja saa ngapi?"

"Haji, sista."

"Mwambie aje. Hii ni wodi ya kina mama na watoto, wanaume wanatoka saa kumi na mbili."

"Mama yake alifariki."

Akatazama faili, akanitazama. "Shangazi hakuna? Nyanya?"

Nilianza kueleza habari ya nyonga ya mama, maneno yakanichanganyikia. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nilijua nikitoka, Jerop ataamka na kukuta watu asiowajua, na mrija puani. Nilishika chuma cha kitanda. Sikuwa na mpango wa kupigana na mtu, lakini nadhani wangelazimika kunibandua.

Mama mmoja wa Kesses, aliyekuwa kitanda cha pili akimnyonyesha mtoto wake mdogo, ndiye aliyesema. "Sista, mwache. Sisi hatuna neno. Tutavuta pazia."

"Kweli, mwache," akaunga mwingine. "Mtoto ni wake."

Muuguzi akaandika kitu, akaondoka. Nikakaa.

Nilikaa na wanawake wale siku mbili. Yule wa Kesses alinionyesha jinsi ya kumwegemeza Jerop kwa mto ili kifua kifunguke. Mmoja alikuwa anapikia wanafunzi, hakujua kama atakuta nafasi yake. Mwingine alikuwa ameacha nyanya zikiiva kwenye kibanda chake. Mwingine alikuwa kibarua katika shamba la watu, na wiki hiyo ndiyo ya kupanda. Walisema mambo hayo huku wakikunja shuka, bila kulalamika. Mimi kila nilipomlisha mtoto kijiko cha uji walinisifu. "Baba mzuri huyu! Mungu akubariki." Niliona aibu, Mama Jerop. Hakuna aliyekuwa akiwasifu wao. Na wewe, nani aliwahi kukusifu? Yule wa Kesses akaniuliza ulikuwa unaitwa nani. Nikasema Salina. Ndipo nikagundua nimekaa miezi bila kulitamka jina lako.

Jana asubuhi daktari aliweka kifaa chake mgongoni kwa Jerop, akasikiliza upande huu na ule, akasema tunaweza kurudi nyumbani na dawa. Akanishika bega. "Umefanya vizuri, Mzee. Umemleta kwa wakati."

Nilienda nje kwenye benchi karibu na mahali pa kufulia, nikalia. Watu walipita wakidhani nimefiwa. Hawakukosea sana.

Kwa sababu wewe sikukuleta kwa wakati. Ule mwezi wa saba Jerop aliposhikwa na tetekuwanga, ulikaa naye siku kumi. Jioni moja ukiwa unasonga ugali uliniambia, "Likizo yangu imeisha yote. Mwaka huu hakuna kuugua tena kwa hii nyumba." Ukacheka, nami nikacheka. Hazikupita wiki tatu mguu wako wa kushoto ukaanza kuvimba. Ulikuwa unasimama kutwa nzima kwenye ile kaunta ya malipo, tukasema ni uchovu. Jumatatu jioni ulinionyesha nyuma ya mguu, palikuwa pagumu na pa moto.

"Uende hospitali," nikakuambia.

"Nikikosa sasa watanifuta kazi. Nitaenda Jumamosi, ndiyo siku yangu ya kupumzika."

Nami nikasema, "Sawa."

Hilo tu. Sikukuuliza kwa nini siku zako zimeisha na zangu zimejaa. Sikusema, kesho nitakosa mimi nikupeleke. Ningeweza. Nilikuwa na likizo ya miaka miwili ambayo sikuwa nimeigusa, na nilikuwa najivunia. Alhamisi ulianguka kazini mbele ya wateja. Waliponiita mwili wako ulikuwa umeshapoa. Daktari alinieleza kwamba damu iliganda mguuni, kipande kikapanda mpaka mapafuni, na kwamba ikionekana mapema hutibika. Sijui kwa nini aliniambia hilo la mwisho. Tangu hapo nimelibeba, na wiki hii ndipo nimeelewa uzito wake wote, maana nimejua sasa siku moja ya kukosa kazi ni kitu gani. Ni kupiga simu moja tu. Ni kusikia mtu akikasirika kidogo.

Mzee Kariuki alipiga jana tulipofika nyumbani. Aliuliza mtoto yuko aje, na nadhani aliuliza kwa moyo. Kisha akasema, "Urudi Jumatatu. Lakini kaunta nimeweka mtu mwingine, hakukuwa na jinsi. Wewe utakuwa stoo nyuma."

"Asante, Mzee."

"Hujakasirika?"

"Hapana."

Alisubiri niongeze kitu. Ningemwambia nini? Kwamba kaunta ile niliipata kwa siku zako, na kila mwaka niliosifiwa hapo ulilipwa na wewe? Achukue. Stoo ni giza na kuna vumbi, lakini nikiitwa na shule au na Mama Tabitha, nitatoka kwa mlango wa nyuma na nitakuja.

Mama anasema nisijihukumu, kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Pasta alisema hivyo hivyo kwenye mazishi. Wananipenda na wanataka nilale usingizi. Lakini mimi sikuandikii ili unifariji, na msamaha nikikuomba nitakuwa nakuomba kitu tena, na nilishakuomba vya kutosha ulipokuwa hai.

Kuna jambo moja nimeamua nikiwa kwenye lile benchi. Jerop ataniuliza. Si sasa, sasa anauliza kama mbinguni kuna machungwa. Lakini ataniuliza akiwa mkubwa, mama alikufaje, na watu watakuwa wamemwambia ni damu, ni mguu, ni mapenzi ya Mungu. Mimi nitamkalisha chini nimwambie kwamba mama yake alitumia siku zake zote kwake, akabaki bila hata moja ya kwake, na kwamba alikuwako mtu katika nyumba hii mwenye siku nyingi, naye hakutoa. Anichukie akitaka. Lakini asije akaolewa na mtu kama mimi bila kujua anaonekanaje.

Naishia hapa. Dawa yake ni saa sita, na lazima nianze mimi.

Aliyechelewa kukaa,
Baba Jerop